Kuomba Moto Malta

Mama yangu amehama mara nne maishani mwake. Mara ya kwanza aliondoshwa na watu wenye bunduki. Mara tatu zilizofuata aliondoshwa na watu wenye kalamu. Kalamu ya kwanza ilimpeleka kwenye kambi huko Kigoma nilikozaliwa mimi, ya pili ikamhamishia kambi nyingine, na ya tatu ikaandika Louisville, Amerika, mji ambao hakuna aliyekuwa ameusikia kwenye foleni yetu. Kwa hiyo mwaka huu nilipopata kazi ya utafiti Malta, kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Mediterania, kwenye maabara inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, jambo lililomshangaza Mama halikuwa kazi wala bahari. Barua ya ajira ilisema kuna nyumba mbili, kila moja katika mji wake, na nichague mojawapo. Aliniomba nimtafsirie sentensi hiyo mara tatu.

"Anayechagua ni nani?" akauliza.

"Sisi, Mama. Wewe na mimi."

"Basi sichagui kwa picha za simu. Twende nikaone."

"Na usipoupenda hata mmoja?"

"Nabaki hapa Highview na makochi yangu."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yangu. Mama ana goti lililoharibika kwa miaka ya kubeba maboksi ghalani, na duniani tuko wawili tu. Akibaki, nami nabaki, na kazi ninaikataa. Ofisi ya makazi ilituruhusu kulala kwanza katika nyumba zote mbili, ila ilitaka jibu Ijumaa saa sita mchana, tukiwa kule kule. Ninyi wa Louisville, Columbus na Buffalo mliopiga simu kuuliza ilikuwaje, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, alfajiri, Highview, mtaa wetu wa Louisville. Niliweka mizigo kwenye gari huku Mama akikagua jiko mara ya pili. Katika sanduku lake aliweka kilo nne za unga wa muhogo, dagaa waliofungwa kwa mifuko mitatu, na mwiko. Mimi nilibeba kompyuta yenye jedwali: kodi, basi, ngazi, kelele, duka, kanisa. Kila kipengele kina alama zake. Nimesoma miaka sita chuoni na siamini kitu kisichopimika, jambo ambalo Mama analisimulia kwa wageni kama vile watu wengine wanavyosimulia ugonjwa wa mtoto.

"Na mimi nina jedwali langu," akasema tulipoingia barabara kuu.

"Liko wapi?"

"Linakuja."

Mchana, Columbus. Tuliacha gari Hilliard, pembezoni mwa mji, nyumbani kwa Papa Gloire, mzee wa kanisa kutoka Bukavu aliyenipangisha chumba nilipokuwa mwanafunzi. Alitupokea na sahani za wali na sombe, yaani kisamvu, chenye samaki, kisha akataka kuelezwa upya.

"Bon," akasema, "munaenda kuchagua. Mie walinitumaka Buffalo. Nikakala mu baridi miaka ine, njo nikakimbia huku. Donc, mie nilichagua kukimbia. Kuchagua mahali pa kukala, ile sijawahi."

"Wewe ungechaguaje, Papa?" nikamuuliza. Nilitarajia jibu la kuingiza kwenye jedwali.

"Njo nakuambia, sijue. Muulize mama yako."

Mama alikuwa anatafuna mfupa wa samaki kwa utulivu mkubwa.

Alasiri, uwanja wa ndege. Afisa wa ukaguzi alifungua sanduku la Mama, akatoa mfuko wa unga mweupe, akauinua kwenye mwanga. Mama hakungoja nitafsiri. Kwa Kiingereza chake cha ghalani alimwambia yule kijana kuwa ni chakula, kwamba kinapikwa na maji moto, na kwamba yeye anaonekana hajala tangu asubuhi. Kijana akaupima unga kwa kitambaa chake cha ukaguzi, akacheka, akaurudisha mwenyewe na kuufunga vizuri kuliko alivyoukuta. Tukaruka hadi New York, tukaruka usiku kucha hadi Roma, na kutoka Roma tukapanda ndege iliyoanza kuteremka karibu mara tu ilipomaliza kupanda.

Jumapili, saa kumi jioni, Malta. Kisiwa chote kimejengwa kwa jiwe moja, jiwe la chokaa lenye rangi ya maandazi, kiasi kwamba kutoka angani huoni pale mwamba unapokwisha na nyumba zinapoanza. Nje ya uwanja Mama alisimama ghafla, mkono juu ya mkokoteni wa mizigo.

"Odette. Magari yanapita kushoto."

"Waingereza walitawala hapa pia."

"Kama Kigoma," akasema, na hakusikia la Waingereza. Ndani ya nyumba alikuta soketi za matundu matatu, zile zile za Tanzania, akazigusa moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu watoto wake. Nilijaribu kumweleza kwamba soketi si sababu ya kuhamia nchi. Alisema hajasema ni sababu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Mosta, mji wa bara, katikati ya kisiwa. Una kanisa lenye kuba kubwa inayoonekana kutoka kila kona, kiasi kwamba huwezi kupotea hata ukitaka. Nyumba yetu ilikuwa ya chini kabisa, haina ngazi hata moja. Basi la kwenda maabara lilipita jirani na lilitumia chini ya nusu saa. Nililipanda Jumatatu asubuhi na saa mkononi. Duka la mboga hatua chache, duka la mkate mkabala. Jedwali langu lilikuwa linajaa alama nzuri hadi nikaona aibu kwa niaba ya mji wa pili ambao tulikuwa hatujauona.

Jumatatu jioni Mama alitaka kupika ugali. Jiko lilikuwa la gesi, la kuwasha kwa kiberiti, na hatukuwa na kiberiti.

"Nitakwenda dukani," nikasema.

"Kaa. Naenda kuomba kwa jirani."

"Mama, duka liko hapo nje."

"Nimeliona duka. Kaa."

Akapanda ngazi polepole hadi ghorofa ya kwanza, akishika ukuta. Nilisikia mlango, sauti ya mzee, kisha sauti ya Mama ikisema neno la Kiingereza la moto na kuigiza kwa vidole. Alirudi na kisanduku kizima cha viberiti, kipya, na mshumaa juu yake. Mzee alikuwa amemwambia avichukue vyote, asihangaike kuvirudisha.

"Umeona?" nikasema. "Watu wema."

"Wema," akakubali. Akawasha jiko, akatia kisanduku kwenye mkoba wake, akasonga ugali. Nami nikaongeza kipengele kipya kwenye jedwali, majirani, nikakipa alama zote.

Jumanne, saa nne asubuhi, tulihamia mji wa pili, Marsaskala, pwani ya mashariki. Bahari imeingia ndani ya mji kama ulimi mwembamba, na mashua zilizopakwa rangi ya samawati na njano zimelala pande zote mbili. Watu wazima hutembea kando ya maji wakibishana. Palikuwa pazuri, lazima niseme, lakini uzuri haukuwa na kipengele. Safari ya kwenda maabara ilikuwa mabasi mawili na karibu saa nzima. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, bila lifti. Nilihesabu ngazi thelathini na mbili. Mama alipumzika mara tatu.

"Yatosha," nikamwambia pale juu, nikifuta jasho lake. "Tumeona. Turudi Mosta."

"Siku mbili kule, siku mbili hapa. Sisi si watu wa upendeleo."

Mchana tulishuka tena, kwa sababu mwuza machungwa alisimamisha gari lake chini ya dirisha letu na alikuwa anapiga kelele kwa lugha yao. Kimalta kina Kiarabu ndani yake, na mwuzaji alipokuwa anamhesabia mteja machungwa, alipofika sita na saba, ambazo kwao zinasikika karibu kama zetu, Mama alimkamata mkono. Akaendelea kuhesabu yeye: "Sita, saba." Mwuzaji akatumbua macho. Nane zao hazikulingana, wakacheka wote wawili, wakakutana tena kwenye tisa. Alimpa Mama machungwa mawili ya bure, na Mama akapanda ngazi zote thelathini na mbili akihesabu kwa sauti, akimeza ile nane.

Jioni aliteleka sufuria ya maji juu ya jiko, akajifuta mikono, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuomba moto."

"Mama, kiberiti unacho. Kisanduku kizima, kwenye mkoba."

"Nyamaza."

Akagonga mlango wa mkabala. Alifungua mwanamke wa umri wake, mfupi, mwenye aproni na miwani iliyokaa juu ya nywele. Baadaye tulijua kuwa anaitwa Karmena. Mama akasema neno lake moja, akaigiza kwa vidole. Karmena hakutoa kitu. Aliuliza kwa Kiingereza: moto wa nini? Mnapika nini? Mama akanitazama nitafsiri, na kabla sijamaliza Karmena alikuwa amekwisha kuingia kwetu akiwa ameshika kiwashio cha jiko chenye shingo ndefu. Akakiweka chini ya sufuria, akabonyeza, moto ukashika. Nikanyoosha mkono nikikiomba, ili tusimsumbue tena.

"Hapana," akasema. "Ninacho hiki kimoja tu. Supu yangu iko jikoni. Mkitaka tena, gongeni."

Lakini hakuondoka. Alisimama juu ya sufuria akitazama Mama akitia unga, akauliza ni unga gani, akadokoa ugali kwa vidole kabla haujaiva, akautafuna kwa muda mrefu. "Hauna chumvi," akasema. Nikatafsiri. "Mwambie chumvi iko kwenye dagaa," Mama akajibu. Karmena akaonja dagaa, akakunja uso, akadokoa tena.

Alipokwenda nilifunga mlango na kuuliza nilichotaka kuuliza tangu jioni iliyopita.

"Mama, unafanya nini?"

Akaketi, akanyoosha goti. "Kule kambini, siku ya kwanza walitupa kiwanja chenye nguzo nne na turubai. Nilikuwa na mimba yako. Usiku unakuja na sina moto. Nikaenda kwa jirani wa kulia, akanijazia kipande cha chungu makaa, mengi, yanatosha watu kumi. Nikashukuru. Yalipozimika asubuhi nikaona haya kurudi, maana alinipa mengi. Nikaenda kwa wa kushoto. Yeye akanipa kaa moja. Moja, Odette. Akasema, likizimika urudi. Lilizimika kabla sijafika kwangu."

"Ukarudi."

"Nikarudi. Na jioni nikarudi, na kesho yake. Usiku uchungu uliponishika, nilimwita nani?"

Nilijua jina. Mama Sifa, mkono wa kwanza ulionishika mimi duniani. Sikuwahi kuambiwa kwamba habari ilianzia kwenye kaa.

"Anayekupa kisanduku kizima," Mama akasema, "anakupa usirudi."

Chuo kikaamka kichwani mwangu. "Umepima watu wawili, Mama. Mmoja kila mji. Hujui kwa nini yule mzee alikupa kisanduku. Hujamwuliza."

"Profesa, nenda kamwulize."

Jumatano, Karmena alituwekea utaratibu bila kuombwa. Saa moja asubuhi aligonga. "Moto?" Akawasha chai. Saa sita: "Moto?" Saa kumi na mbili, moto, pamoja na sahani ya maharage ya kitunguu saumu na swali kwa nini sijaolewa. Mama, ambaye katika jengo letu la Highview hujibu mlango kwa kuchungulia kwanza dirishani, alianza kusimama kabla hajagongewa. Kile kisanduku cha Mosta kilikaa ndani ya mkoba wake saa zote hizo, na nilikuwa naogopa Karmena atakiona.

Alhamisi asubuhi nilipanda mabasi hadi Mosta peke yangu. Nilikwenda kukusanya ushahidi. Nilipanda ngazi, nikamgongea yule mzee, nikajitambulisha kuwa mimi ni binti wa mama aliyeomba kiberiti, nikamwuliza, bila kuzunguka, kwa nini alimpa kisanduku chote.

Alionekana kuwa na wasiwasi kwamba amekosea. "Niliona mguu wake," akasema. "Nikafikiri, huyu mama asipande tena ngazi hizi kwa ajili ya kijiti kimoja." Akauliza goti linaendeleaje. Akauliza kama mshumaa ulifaa.

Nilirudi Marsaskala nikiwa na ushindi ambao haukuwa na ladha. Nilimkuta Mama dirishani, Karmena kando yake, wanamenya njegere. Hawakuwa na lugha moja ila maneno machache ya Kiingereza, lakini kila mmoja alikuwa anaongea, na kila mmoja alionekana amejibiwa. Karmena alipokwenda, nilimweleza Mama neno kwa neno.

Aliacha kumenya. "Aliona goti langu."

"Ndiyo. Hakutaka uteseke. Kipimo chako kilikosea, Mama."

"Kilikosea," akasema, na hapo nilishangaa, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. "Ni mtu mwema kabisa. Tutamtembelea, nimpelekee ugali. Andika kwenye jedwali lako kwamba nilimkosea."

"Basi Mosta?"

"Ngoja." Alichukua ganda la njegere, akalikunja, akalikunjua. "Tangu nimevuka mpaka, watu wema wananipa vizima. Blanketi zima. Gunia zima. Nyumba nzima Louisville, na vijiko ndani. Wanaona mguu, wanatoa, wanakwenda. Mungu awabariki, ningekufa bila wao. Lakini huyu mwanamke ananiamsha saa moja asubuhi. Ananiambia ugali wangu hauna chumvi. Jana alikasirika nilipomenya vitunguu ovyo. Odette, hakuna mtu aliyenikasirikia tangu nimefika Amerika, isipokuwa wewe na sapavaiza wa ghalani."

"Ngazi thelathini na mbili, Mama. Kila siku."

"Goti ni la nani?"

"Lako."

"Na anayechagua ni nani?"

Nilitazama kompyuta. Mosta ilikuwa imeshinda kwa kila mstari, na hata sasa nasema kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ila nilipomtazama Mama niliona uso ambao sijawahi kuuona kwake: uso wa mtu aliye dukani na hela mfukoni, anayekigeuza kitu mkononi, ambaye anaweza kukirudisha rafuni na hakuna atakayemfanya kitu.

"Wewe," nikasema.

Ijumaa, saa tano na robo, ofisi ya makazi. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilitaka kuijaza, Mama akaninyang'anya kalamu. Akauliza mahali pa jina la mji, akaandika herufi moja moja, polepole, kwa mwandiko wa madarasa ya watu wazima ya kambini: Marsaskala. Karani alikuwa anangoja kuichukua. Mama aliishikilia kidogo zaidi, akaisoma tena, kisha akampa. Nje akataka tununue aiskrimu, tukala tukiwa tumesimama, na akaniambia nifute midomo kama vile nina miaka saba.

Jioni alimwonyesha Karmena kile kisanduku cha viberiti mwenyewe, akafungua na kukitikisa. Karmena akakitazama, akatutazama. "Na hivi vilikuwepo tangu Jumanne?" Mama hakuhitaji tafsiri, aliinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Karmena alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akakitwaa kisanduku, akakitia kwenye aproni yake, akawasha jiko kwa kiwashio chake.

Jumapili, saa mbili usiku, tulifika Highview. Papa Gloire alikuwa ametufungia sombe ya kubeba, na Mama aliipasha moto huku akimweleza mtu kwenye simu kuhusu namba sita na saba. Nilisimama katikati ya sebule na nikafikiria kwamba kipimo chetu kimekwenda Mosta na Marsaskala lakini hakijafanyika hapa, ambapo tumekaa miaka tisa. Mkabala na mlango wetu anaishi mzee mmoja na mbwa wake. Tunajua kikohozi chake. Jina lake hatulijui.

Nikavuka korido, nikagonga. Mbwa akabweka. Mzee akafungua kidogo, akanitambua, akafungua zaidi. Nikasema naomba moto. Akaenda jikoni bila kuuliza chochote, akarudi na kiberiti cha petroli, cha chuma, kizito, cha zamani, chenye herufi mbili zilizochorwa.

"Kilikuwa cha mke wangu," akasema. "Nitakihitaji kesho. Ukirudishe."

Nilimpelekea Mama, nikaweka mezani mbele yake, nikarudia maneno ya mzee. Akakata simu. Akakichukua, akakifungua, akakifunga, akautazama mlango wetu kama vile ndiyo kwanza umewekwa pale.

"Miaka tisa, Odette," akasema. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi machozi, na huku anacheka akavuta bakuli na kuanza kupima unga wa maandazi. "Kesho usikishike. Nakirudisha mimi."